Cheti cha salmonela kiseme kilichopimwa na namna kilivyopimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nichangie makala iliyochapishwa na gazeti lako kuhusu vipimo vya haraka vya kutambua bakteria wa salmonela katika kuku na mazao yake. Mwandishi alieleza vizuri hasara inayotokana na kusubiri majibu kwa siku nne au tano wakati nyama ikikaa katika chumba cha baridi, na katika hilo sina ugomvi naye. Kilichopita bila kuhojiwa ni dhana iliyoibeba makala nzima, kwamba vipimo vya maabara vinatofautiana kwa kasi tu, na kwamba cheti kilichoandikwa «hasi» kina uzito uleule kiwe kimetolewa kwa njia yoyote ile. Kwa mtu anayeshinda mbele ya sahani za kuoteshea bakteria, kama mimi mteknolojia wa maabara ya mifugo, dhana hiyo ina hatari kubwa kuliko ucheleweshaji wenyewe, kwa sababu mfugaji, mchinjaji na mlaji wanaamua mambo mazito kwa kutegemea karatasi isiyoeleza ilichopima.

Maabara inapotoa majibu hasi, inachothibitisha ni kwamba salmonela haikupatikana katika kiasi fulani cha sampuli fulani, kwa njia fulani. Kiasi hicho kwa kawaida ni gramu 25. Kuhusu kuku wengine elfu kadhaa waliobaki bandani, au upande wa pili wa mzoga uleule, majibu yanazungumza kwa kukisia tu, na ukisiaji huo huwa mzuri au mbaya kulingana na jinsi sampuli ilivyochukuliwa. Nitaanza na kazi ya maabara yenyewe, kisha nirudi kwenye sampuli, ambako naamini ndiko makosa mengi yanakozaliwa.

Njia inayotumika kama kigezo cha kulinganishia njia nyingine katika nchi nyingi ni ile ya kiwango cha kimataifa cha ISO 6579-1, kilichotolewa mwaka 2017 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2020. Gramu 25 za sampuli hutiwa katika mililita 225 za maji ya peptoni (protini iliyovunjwavunjwa iwe chakula cha bakteria) yaliyowekewa chumvi za kuzuia uchachu usipande ghafla, kisha chupa huwekwa katika inkubeta yenye joto la nyuzi 34 hadi 38 kwa takriban saa 18. Hatua hii haina mvuto wowote kwa mtazamaji, maana anachoona asubuhi ni chupa yenye maji yaliyofifia kwa ukungu. Hata hivyo, ukiniuliza ni hatua gani nisingekubali ifupishwe, nitataja hii kabla ya nyingine zote. Salmonela iliyotoka katika mzoga uliopozwa, katika vumbi kavu la banda au katika ngozi iliyooshwa kwa dawa huwa imejeruhiwa. Ukuta wake umedhoofika, na ukiitupa moja kwa moja katika lishe yenye sumu ya kuua bakteria wengine, itakufa pamoja nao. Saa zile za peptoni ni za kuipa nafasi ijitibu na kuzaana, kutoka seli moja au mbili hadi mamilioni, kabla haijapelekwa kwenye mazingira magumu.

Mazingira hayo magumu ndiyo hatua ya pili. Mchuzi wa Rappaport-Vassiliadis una magnesi kloridi kwa wingi, uchachu mkali kiasi na rangi ya kijani ya malakiti, na hukaa katika joto la nyuzi 41.5, ambalo bakteria wengi wa utumboni hawalipendi. Mchuzi wa Müller-Kauffmann una tetrathionati, iodini, chumvi za nyongo na antibiotiki ya novobiosini, nao hukaa katika nyuzi 37. Kiwango kinataka vyakula vipimwe kwa njia mbili zinazokwenda sambamba, kwa sababu kuna salmonela inayostahimili mchuzi mmoja na kushindwa na mwingine. Kwa kinyesi cha kuku na sampuli za bandani hutumika agari laini (lishe iliyogandishwa ya kuoteshea bakteria) ya aina ya Rappaport-Vassiliadis, inayojulikana kwa kifupi MSRV, ambayo hudondoshewa matone matatu ya maji ya peptoni yaliyolala inkubeta. Salmonela yenye vijimkia huogelea ndani ya agari hiyo laini na kuacha ukungu wa kijivu unaotanuka kutoka kwenye tone, ilhali bakteria wengi wengine hubaki pale walipodondoshwa. Sahani hizi hazipinduliwi kama sahani za kawaida, na hubebwa taratibu; mkono wenye haraka ukiitikisa sahani, kitakachotanuka ni kioevu chenyewe na mpimaji hatajua anaangalia nini.

Kisha huja sahani ya agari ya XLD, ambayo mwanamikrobiolojia wa Marekani Welton Taylor aliieleza mwaka 1965 na ambayo mpaka leo ni ya lazima katika kiwango nilichokitaja. Inafaa msomaji aielewe, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwenye picha nyingi za magazeti. Agari yenyewe ni nyekundu. Bakteria wanaochachusha sukari zilizomo huigeuza kuwa ya njano. Salmonela nayo huchachusha sukari ya zailosi na kuanza kuleta unjano, lakini zailosi ikiisha hugeukia asidi ya amino iitwayo laisini, na zao la kuivunja laisini huondoa uchachu na kurudisha wekundu. Wakati huohuo hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo hukutana na chuma kilichomo katika agari na kufanya doa jeusi. Kwa hiyo asubuhi ya siku ya nne mpimaji anatafuta kikundi cha bakteria chenye ukingo mwekundu unaopitisha mwanga na kitovu cheusi kama mboni ya jicho. Kinachosahaulika ni kwamba zipo salmonela zisizotoa gesi hiyo, ambazo hubaki za waridi bila weusi, na zipo chache zinazochachusha laktosi, ambazo hutokea za njano na kufanana kabisa na kolai, bakteria wa kawaida wa utumboni. Ndiyo sababu kiwango kinadai sahani ya pili ya aina nyingine, inayofanya kazi kwa kanuni tofauti. Maabara inayotumia XLD peke yake kwa kubana matumizi inaweza kutoa majibu hasi kwa unyofu kabisa, na bado ikawa imezitupa salmonela hizo kwenye pipa la taka.

Hata doa jeusi si jibu. Bakteria wengine, kwa mfano Proteus na Citrobacter, nao hutoa gesi hiyohiyo na kuwahadaa wapimaji wachanga. Kikundi kinachoshukiwa husafishwa kwa kuoteshwa upya, hupimwa tabia zake za kikemia, kisha hukutanishwa na seramu zenye kingamwili ili kuona kama kinagandana. Kabla ya seramu hutangulizwa tone la maji ya chumvi, maana bakteria wengine hugandana wenyewe bila kuchochewa, na mtu asiyefanya jaribio hilo dogo anaweza kutangaza salmonela mahali ambapo haipo. Vyeti chanya visivyo vya kweli vipo, navyo humtia mfugaji hasara.

Sasa nije kwenye mfano wa namna majibu hasi yanavyoweza kutengenezwa bila mtu yeyote kukusudia. Nchini Marekani, wakaguzi wa serikali hupima mizoga ya kuku kwa kuitia ndani ya mfuko wenye mililita 400 za kioevu, kuutikisa, kisha kuchukua maji ya suuza hiyo na kuyapeleka maabara. Machinjio nako hunyunyizia mizoga dawa za kuua bakteria, kama vile asidi ya peraseti. Ikiwa mzoga unaingia mfukoni ukiwa bado unachuruzika dawa, dawa huingia pamoja nao, na safari ya mfuko hadi maabara huwa muda wa ziada wa kuua. Bakteria waliokuwa hai kwenye ngozi wakati nyama inaondoka kiwandani hufika maabara wakiwa wamekufa, na karatasi inaandikwa hasi. Kuanzia Julai 2016 wakaguzi hao walibadilisha kioevu cha kusuuzia, wakaanza kutumia maji ya peptoni yenye lesithini, sodiamu thayosalfeti na sodiamu bikaboneti, ambavyo kazi yake ni kuizima dawa mara tu inapoingia mfukoni. Mzoga ni uleule na bakteria ni walewale. Kilichobadilika ni kioevu, na kioevu hakiandikwi kwenye cheti.

Umoja wa Ulaya una desturi tofauti. Huko huchukuliwa vipande vya ngozi ya shingo kutoka mizoga isiyopungua 15 baada ya kupozwa, vipande vya mizoga mitatu mitatu vikachanganywa, na kupatikana sampuli tano za gramu 25. Ngozi ya shingo hupendwa kwa sababu mzoga huning'inizwa kichwa chini na maji yote ya machinjioni hupitia hapo. Mtu anayelinganisha asilimia ya kuku wenye salmonela kutoka suuza ya mzoga mzima na asilimia kutoka ngozi ya shingo, kisha akatangaza kwamba nchi fulani ina nyama safi kuliko nyingine, analinganisha vitu viwili visivyolingana, na nimesoma taarifa za aina hiyo zaidi ya mara moja.

Bandani mambo ni magumu zaidi. Kuku mwenye salmonela mara nyingi haonyeshi dalili yoyote, na bakteria waliojificha katika utumbo wake kipofu hutoka na kinyesi leo, wakakoma kesho, wakatoka tena wiki ijayo. Ukiingiza pamba katika tundu lake la haja siku ambayo hawatoki, kuku mwenye maambukizi atahesabiwa kuwa mzima. Tuseme hata pamba ingekuwa na uhakika kamili. Katika kundi kubwa ambalo kuku watano kati ya kila 100 wameambukizwa, ukipima kuku kumi waliokamatwa bila kuchagua, uwezekano wa kuwakosa wote wenye maambukizi ni karibu asilimia 60. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumpata angalau mmoja unahitaji kupima kuku 59. Na kama walioambukizwa ni mmoja tu kati ya 100, unahitaji takriban 300. Hayo ni mahesabu ya kawaida ya uwezekano, yasiyohitaji mashine wala kemikali, na yanatosha kuonyesha thamani ya cheti hasi kilichotokana na pamba tano.

Ndiyo maana wataalamu waliacha kumkimbiza kuku mmoja mmoja wakaanza kulipima banda. Mpimaji huvaa juu ya viatu vyake soksi za kitambaa kinachofyonza, zilizoloweshwa kidogo, akatembea juu ya matandazo kuanzia mwanzo wa banda hadi mwisho. Kila hatua inaokota kinyesi cha kuku wengi na cha siku nyingi. Katika kanuni za Ulaya, kundi la kuku wa nyama hupimwa kwa jozi mbili za soksi, kila jozi ikipita karibu nusu ya banda, na kwa kuku wa mayai walio kwenye vizimba hukusanywa mafungu mawili ya kinyesi, gramu 150 kila moja, kutoka kwenye mikanda au chini ya vizimba. Vumbi nalo ni shahidi mzuri, kwa kuwa salmonela hudumu humo hata baada ya kuku waliolileta kuondoka. Mbinu hii ya soksi inaonekana duni, na nimewaona wageni wakitabasamu wanapoelezwa, lakini jozi moja iliyopitishwa vizuri huleta habari nyingi kuliko kuku kumi waliokamatwa kwa sababu walikuwa karibu na mlango.

Kwa mayai hali ni hiyo hiyo. Salmonela ya aina ya Enteritidis inaweza kuingia katika vifuko vya mayai vya kuku na kukaa ndani ya yai kabla ganda halijafungwa, lakini hata katika kundi lililoambukizwa mayai yenye bakteria huwa machache, na kila yai huwa na bakteria wachache. Kanuni ya Marekani iliyotangazwa mwaka 2009 inaanza kwa kupima mazingira ya banda kuku wanapofikia wiki 40 hadi 45. Yakionekana machafu, ndipo hupimwa mayai 1,000 kila wiki mbili, mara nne mfululizo, yakichanganywa 20 kwa 20. Hayo ni mayai 4,000. Anayekuja maabara na trei moja akitaka cheti kwamba mayai ya shamba lake ni salama anaomba kitu ambacho trei moja haiwezi kumpa, na ni wajibu wetu kumwambia hivyo kabla ya kupokea fedha yake.

Sampuli ikishachukuliwa vizuri, inaweza pia kuharibiwa njiani. Ikiachwa juani, bakteria wengine huzaana na kuifunika salmonela. Ikigandishwa kwenye friza, sehemu ya salmonela hufa. Inatakiwa ikae katika ubaridi wa jokofu, na uchunguzi uanze mapema. Sitalirefusha hili, kwani kila mwenye maabara analijua, ila saa ya kuchukuliwa na saa ya kuanza kupimwa ziandikwe.

Nirudi kwenye vipimo vya haraka, ambavyo makala ilivisifu na ambavyo mimi mwenyewe navitumia. Kipimo cha PCR hutafuta kipande cha kinasaba cha bakteria na kukinakili mara mamilioni hadi kionekane. Kwa salmonela, kinasaba kinachotafutwa mara nyingi kinaitwa invA, ambacho watafiti walikipendekeza kwa kazi hii mwaka 1992 baada ya kukikuta karibu katika kila salmonela waliyoijaribu. Ipo pia mbinu ya LAMP, iliyobuniwa Japani na kuchapishwa mwaka 2000, inayofanya kazi hiyo kwa joto moja la nyuzi 60 hadi 65 bila mashine ya kupandisha na kushusha joto, nayo inafaa maabara zenye vifaa vichache. Mbinu zote mbili ni nzuri. Mashine ya PCR hutoa majibu kwa saa moja au mbili, na hapo ndipo wauzaji wa vifaa wanapoanzia hesabu yao. Swali ambalo mwandishi alipaswa kuwauliza ni saa hizo zinahesabiwa tangu lini: tangu sampuli iingie maabara, au tangu chupa ya peptoni itoke inkubeta. PCR inahitaji takriban bakteria elfu moja hadi elfu kumi katika kila mililita ili iwaone kwa uhakika, na vile vijiti vya kuchovya vinavyotumia kingamwili vinahitaji wengi zaidi ya hao. Sampuli ya kuku yenye seli tatu katika gramu 25 haiwezi kuonekana kwa njia yoyote kati ya hizo mpaka ilale inkubeta kwanza. Kwa hiyo faida halisi ya PCR ni kupata majibu hasi siku ya pili badala ya siku ya nne au ya tano, na hiyo ni faida kubwa inayostahili kusifiwa kwa kipimo chake. Anayedai kutoa majibu mchana wa siku ileile sampuli ilipopokelewa ameiruka peptoni, na cheti chake kinafaa kwa sampuli zilizojaa bakteria tu.

Kuna mambo mengine mawili kuhusu PCR. La kwanza, kinasaba hubaki kwa muda hata baada ya bakteria kufa, hivyo banda lililosafishwa vizuri linaweza kuonekana chanya bila kuwa na kitu hai, jambo ambalo kulala kwenye peptoni hulipunguza kwa kuwaongeza walio hai bila kuliondoa kabisa. La pili ni kinyume chake: kinyesi, chakula cha kuku na vumbi vina vitu vinavyozuia kimeng'enya cha PCR kisifanye kazi, na mashine isiyoona kitu kwa sababu imezuiwa huandika sawa na isiyoona kitu kwa sababu hakipo. Kinga yake ni kuweka katika kila kijaribio kinasaba cha kulinganishia, ambacho lazima kionekane ndipo majibu yakubalike. Vifaa vilivyothibitishwa kwa utaratibu wa viwango vya ISO 16140 vimepitia majaribio ya kulinganishwa na njia ya kuotesha kwa aina maalumu za sampuli. Kifaa kilichothibitishwa kwa nyama hakijathibitishwa kwa kinyesi kwa sababu tu mtengenezaji ni yuleyule.

PCR pia haikupi bakteria mkononi. Bila bakteria aliyeoteshwa huwezi kujua anasikia dawa gani, na kwa kipimo cha kawaida kinachotafuta salmonela kwa ujumla huwezi kujua ni wa aina gani, ilhali aina za salmonela, au serova kama zinavyoitwa, ni zaidi ya 2,500. Serova huamua mengi. Sheria za Ulaya kuhusu nyama mbichi ya kuku zinazitaja Enteritidis na Typhimurium kwa majina, kwa sababu hizo ndizo zinazoongoza kwa kuwafanya watu waugue; anayepata serova nyingine anaambiwa jambo tofauti na anayepata mojawapo ya hizo. Kwa hiyo kila majibu chanya ya PCR yanarudi kwenye sahani, na siku zilizookolewa zinarudishwa. Mashine za kupima uzito wa protini za bakteria, zilizoenea sasa katika maabara kubwa, hutambua kwa dakika chache kwamba ni salmonela lakini haziaminiki kutofautisha serova. Kusoma vinasaba vyote vya bakteria kunatoa serova, ukinzani wa dawa na ukoo wake kwa pamoja, ila nako huanza na bakteria aliyeoteshwa.

Vipimo vya damu navyo vina mipaka yake. Kingamwili katika damu au kiini cha yai zinaeleza kwamba kuku alikutana na salmonela wakati fulani, na kuku aliyechanjwa anaweza kuonekana chanya kwa sababu ya chanjo. Kipimo cha tone la damu na antijeni (kitu kinachotambuliwa na kingamwili) yenye rangi, ambacho wafugaji wengi wa kuku wazazi wanakifahamu, kimesaidia sana kuondoa ugonjwa wa kuhara cheupe katika makundi ya kuzalisha; lakini bakteria wa ugonjwa huo wana antijeni za ukutani zinazofanana na za Enteritidis, na kugandana kwa tone hilo hakukuambii ni yupi kati ya hao.

Ugonjwa huo wa kuhara cheupe, pamoja na homa ya matumbo ya kuku, unanipeleka kwenye mfano ambao sijausahau. Zililetwa maiti za vifaranga wa siku chache, manyoya ya nyuma yameganda kinyesi cheupe, kiini cha yai bado kiko tumboni bila kunyonywa, ini limetapakaa vidoa vya kijivu. Mwenye vifaranga alikuwa na cheti kutoka maabara nyingine kinachosema kinyesi cha kuku wazazi hakina salmonela. Sina sababu ya kudhani waliopima walizembea. Walitumia agari laini ya MSRV, na serova mbili zinazosababisha magonjwa hayo, yaani Pullorum na Gallinarum, hazina vijimkia. Haziogelei, haziachi ukungu, na kwenye agari hiyo hazionekani hata zikiwepo kwa wingi. Hukua polepole pia, na kwenye sahani hutoa vidoa vidogo ambavyo mtu aliyezoea mboni nyeusi atavipita. Kwa magonjwa hayo inabidi kuotesha moja kwa moja kutoka ini, wengu, kiini cha yai au vifuko vya mayai, kwenye lishe zisizo kali sana. Cheti kilikuwa cha kweli kwa swali lililoulizwa, na mwenye vifaranga alikuwa na swali jingine kabisa.

Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni mambo mawili. Waandishi wako wanapopewa taarifa kwamba kuku wa mahali fulani wamepimwa na hawana salmonela, waulize kilichochukuliwa ni nini, kwa kiasi gani, kutoka kuku au sehemu ngapi za banda, na kama sampuli ililazwa kwenye peptoni kabla ya kipimo, kisha wachapishe majibu hayo pamoja na habari. Na maabara zetu, za serikali na za binafsi, ziandike mambo hayo kwenye cheti chenyewe: aina na uzito wa sampuli, tarehe na saa ya kuchukuliwa na ya kuanza kupimwa, njia iliyotumika na mwaka wa kiwango chake, na serova ambazo njia hiyo haiwezi kuzipata. Maabara yenye utaratibu wowote wa ubora tayari inayo hayo yote kwenye daftari zake, na kuyahamishia kwenye karatasi anayopewa mteja ni kazi ya mistari mitano.

Wako,
Mteknolojia wa maabara ya mifugo